Mwaka Niliosubiri Jumatatu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba kazi hupewa mtu aliyekwisha kukamilika. Niliamini kwamba nyuma ya meza fulani amekaa mtu anayeweza kunitazama usoni akajua kama niliamka saa kumi alfajiri au saa moja asubuhi, kama nilitandika kitanda, kama nilikunywa maji kabla ya chai. Kwa hiyo niliapa kwamba sitaomba kazi yoyote mpaka niishi mwezi mzima bila doa. Nikiteleza siku moja, hata mwezi ukiwa ukingoni, nafuta yote na kuanza upya Jumatatu inayofuata. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimejifundisha kompyuta mwenyewe, nina afya, na hakuna mtu aliyenizuia kufanya chochote. Nilijizuia mwenyewe, kwa rula na kalamu za rangi.

Nimeukumbuka mwaka ule kwa sababu ya Godi. Mwezi uliopita nilialikwa kwenye semina hapa Same mjini, katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa, wenye viti vya plastiki na spika zinazokoroma. Picha ya Godi ilikuwa imebandikwa mlangoni, amekunja mikono kifuani, anatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi. Siku hizi anaitwa mwalimu wa mafanikio. Alipanda jukwaani na viatu vilivyochongoka, akashika kipaza sauti, akasema, "Ndugu zangu, mimi nidhamu yangu niliijenga hapa hapa Same, katika chumba kimoja, kwa kuamka saa kumi alfajiri kila siku ya Mungu!" Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nikacheka kwa pua. Sikukusudia, ilitoka yenyewe. Dada aliyekaa kando yangu akanigeukia akiwa na kalamu mkononi. "Kaka, kama wewe hutaki kubadilika, waache wenzio wasikilize." Nikamwomba radhi. Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa nalala katika chumba hicho hicho, godoro langu likitazamana na la huyo mwalimu wake?

Chumba chenyewe kilikuwa karibu na stendi, upande wa juu wa barabara kuu. Upepo wa Same uliingiza vumbi chini ya mlango mchana kutwa, nasi tukaziba kwa gunia bichi ambalo jioni lilikuwa limekauka na kusimama kama ubao. Hakikuwa na dari. Mume na mke wa chumba cha pili wakigombana, tulisikia kila neno, mpaka tukawa tunajua nani ana haki. Dirisha lilitazama milima, na asubuhi ungeona ukungu umelala huko juu kwenye migomba ya watu huku sisi chini tukipikwa na bati. Godi ndiye aliyekuwa kamanda wa kundi la simu lililoitwa Jeshi la Saa Kumi. Kila alfajiri kila mwanajeshi alitakiwa kutuma picha ya kuonyesha kwamba yuko macho: kikombe, kitabu kilichofunguliwa, raba za kukimbilia. Simu ya Godi ililia, akawasha tochi, akasogeza Biblia na kikombe, akapiga picha, akaandika, "Jeshi, kamanda nipo macho. Nyie mko wapi?" Kisha akageukia ukutani, akalala mpaka jua likaanza kugonga bati. Kikombe kile kilikuwa na chai ya jana. Nililiona hilo kila siku, umbali wa hatua mbili, na kila siku niliandika, "Nipo, kamanda," nikaamka kweli. Lakini uongo wake sio unaonichoma zaidi. Kinachonichoma ni kwamba nilijua ni uongo, na bado niliona picha yake imeizidi yangu. Mkono wa kikombe chake ulielekea upande mzuri.

Ratiba yangu ilikuwa kwenye karatasi ya manila, imebandikwa juu ya godoro. Bluu ni kusoma, nyekundu ni mazoezi, kijani ni kutafakari, ingawa sikujua hasa mtu anatafakari nini. Jumapili nzima zilipotea nikiichora upya kwa sababu mstari mmoja umepinda. Nilikunywa uji bila sukari kwa kuwa mwanajeshi mmoja aliandika kwamba sukari inalaza ubongo. Godi alikula chipsi mayai stendi, akarudi midomo inang'aa mafuta, akaniangalia na bakuli langu, akasema kwa upole wa mchungaji, "Hivyo hivyo, mwanajeshi. Usirudi nyuma." Na wakati huo huo kazi nilikuwa naijua! Nilikuwa nimejifundisha hesabu za kompyuta kwa simu yenye kioo kilichopasuka, halafu nikafanya mazoezi kwenye mashine ya duka la steshenari mwenye duka akienda kula. Alinizoea, akawa ananiachia kazi za wateja. Ningeweza kuajiriwa wiki ile ile. Nilichokosa ni ruhusa yangu mwenyewe, na mimi nilikuwa bosi mkali kuliko wote niliowahi kufanyia kazi, na mjinga kuliko wote.

Simu ilipigwa katika wiki ya mwisho ya mwezi ambao, kwa mara ya kwanza, haukuwa na doa. Mwenye steshenari alikuwa amempa namba yangu msimamizi wa yadi moja ya jasi, madini meupe ya kutengenezea saruji, kule Makanya, mama mwenye sauti ya kushindana na injini.

"Wewe ndiye Elisante wa kompyuta?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Karani wangu wa mizani ameondoka, na malori yamejazana hapa kama msibani. Kesho asubuhi njoo nikuone. Ukiweza, unaanza hapo hapo."

Nikatazama ukutani. Kuwa Makanya asubuhi maana yake ni kukosa nyekundu, na bluu, na kijani. Mwezi wangu ungeharibika ukiwa umebakiza siku chache tu. Nikasema, na mpaka leo nikikumbuka nasikia masikio yakiwaka, "Samahani, mama. Naomba nije Jumatatu. Kuna programu naimalizia."

"Programu ya chuo?"

"Hapana. Ya... ni programu ya kuamka."

Upande wa pili lori likapiga honi. "Ya kuamka," alirudia. "Kwani hapa unaongea na mimi umelala?" Kisha, bila hata kuziba simu, akamwambia mtu aliye karibu naye, "Huyu anasema ataamka Jumatatu." Nikasikia wanaume wakicheka, kicheko cha watu waliobeba mizigo tangu asubuhi na wamepata sababu ya kupumzika. Simu ikakatika.

Niliumaliza mwezi wangu. Bila doa, ndiyo. Jumatatu nikanyoa, nikapiga pasi suruali mpaka ukingo wake ungekata mkate, nikapanda gari kwenda Makanya. Jina la yule mama lilikuwa Mama Neema. Nilimkuta amesimama katikati ya yadi, mweupe kwa vumbi la jasi kuanzia viatu hadi nyusi. Kwenye kibanda cha mizani alikaa kijana aliyekosea vifungo vya shati, upande mmoja umepanda juu, mwingine umeshuka. Mkono mmoja ulishika muhogo wa kukaanga na mwingine ulibonyeza namba kwa kidole kimoja. Nilimdharau. Nilimdharau kwa moyo wote, kama mtu anavyodharau doa kwenye kitambaa cha madhabahu. Mama Neema akanitazama toka juu hadi chini. "Ndiye wewe wa Jumatatu? Umeamka? Hongera sana." Yule kijana akacheka muhogo ukiwa mdomoni, lori likapanda mizani, akaendelea na kazi. Kazi yangu. Jioni Godi alinipiga picha nimesimama kando ya ratiba, akaituma kwa Jeshi: mwanajeshi wetu amemaliza mwezi. Simu ikajaa alama za makofi. "Mungu anakuandalia kubwa zaidi," Godi aliniambia. Nikamshukuru. Nilimshukuru!

Baada ya hapo kodi ilinishinda, nikapanda mlimani kwa shangazi yangu Nakiete, ambaye nyumba yake imekaa kwenye mteremko, Makanya ikionekana chini kama mkeka uliotandikwa uani. Shangazi alikuwa mgomvi wa kanisani, mgomvi wa sokoni, na mgomvi wa nyumbani, na alipika makande ambayo mpaka leo sijayapata kwingine, na chai ya tangawizi kali ya kutoa machozi. Siku ya kwanza alinikuta nabandika manila yangu.

"Hii ni ramani ya wapi?"

"Ni ratiba, shangazi. Ya siku yangu."

Akaweka kidole. "Na hapa pa kijani?"

"Kutafakari."

"Utatafakari huku ukiwakatia mbuzi majani. Panga liko nyuma ya mlango."

Mwanzoni niliwadharau watu wa kule. Waliamka mapema kuliko Jeshi lote na hawakuwa na picha hata moja. Kilimo chao kilitegemea ndiva, bwawa dogo la mawe na udongo ambamo maji ya kijito hujikusanya usiku. Alfajiri mtu hulizibua, na maji hushuka kwa mfereji kwenda kwenye mashamba ya wenye zamu. Zamu ikikupita, unasubiri mpaka izunguke kwa watu wote ndipo ikurudie. Na mfereji wenyewe ulikuwa aibu. Ulipinda bila sababu, ulivuja kila mahali, umezibwa kwa matope, majani, magogo ya migomba, mahali pengine gunia la mbolea. Siku ya msaragambo, ambapo kila nyumba hutoa mtu wa kusafisha mfereji, nilitumwa mimi kwa niaba ya shangazi. Nikapewa sehemu yenye kona inayovuja. Wanaume wakanionyesha: sukuma tope hapa, kanyaga, basi. Walikuwa wakitaniana na kutafuna miwa. Niliona kinyaa. Nikajiambia kwamba hii ndiyo sababu watu hawa hawaendi mbele.

Walipoondoka, nilibaki. Nikabomoa ukingo ule wote. Nilikuwa na kamba, nikavuta mstari ulionyooka, nikaanza kupanga mawe moja moja, nikichagua, nikigeuza, nikirudisha. Jua lilipozama nilikuwa nimefika katikati, na nusu niliyoijenga ilikuwa nzuri, lazima niseme hivyo, ilikuwa nzuri sana. Nikafikiri nitamalizia asubuhi. Sikuuliza kesho ni zamu ya nani, wala sikukumbuka kwamba ndiva hufunguliwa watu wengine wakiwa bado wanafunga viatu. Kesho yake ilikuwa zamu ya shangazi na majirani wake. Maji yalishuka yakafika kwenye pengo langu, yakaacha mfereji, yakamwagikia kwenye korongo. Bwawa zima. Tulipofika mbio, korongo lilikuwa likimetameta kwa maji ambayo hayamfai mtu yeyote, na chini kule maharage yalikuwa kwenye maua, na udongo umekauka.

Walikusanyika. Sijawahi kutazamwa na watu wengi kiasi kile wasioamini macho yao.

"Nani amebomoa hapa?"

"Mimi. Palikuwa panavuja."

"Panavuja!" Mwenyekiti wa maji alishika kiuno. "Pamevuja tangu baba yangu akiwa kijana, na tumekula. Wewe umepanyoosha siku moja, leo hatuli."

"Si ndiye yule wa kompyuta?" sauti ya mwanamke iliuliza.

"Ndiye. Kasoma kwa simu."

Nilitegemea shangazi anitetee. Shangazi alikuwa ameshika jembe, anatazama korongo. "Huyu angekuwa mkunga," alisema, "mtoto akitanguliza mkono angemrudisha tumboni ili aje atoke vizuri." Wakacheka mpaka mwenyekiti akakaa chini. Kisha wanaume wawili wakaburuta gogo la mgomba, wakalitupia kwenye pengo, wakarundika udongo, mmoja akapanda juu akakanyagakanyaga kama anacheza ngoma. Chai isingepoa kabla hawajamaliza. Mawe yangu yaliyonyooka yalifukiwa humo humo. Ukingo ulikuwa mbaya kuliko mwanzo, ulivuja kama mwanzo, na maji ya siku iliyofuata yalipita. Zamu ya shangazi haikurudi mpaka ilipozunguka. Nusu ya maharage yake yalidondosha maua. Hakulisema hilo tena, na mimi niliihesabu mimea ile isiyo na maganda kila nilipopita, kwa sababu ndivyo nilivyo.

Kamati ya maji ilinihukumu: mpaka mavuno, kuzibua ndiva kila alfajiri itakuwa kazi yangu. Unaweza kukisia nilifanya nini jioni ile. Nilichora ratiba mpya. Nikaongeza rangi ya zambarau kwa ajili ya ndiva. Nikawa nafika kabla ya wakati, nasimama kwenye baridi nikitetemeka, najipongeza. Halafu asubuhi moja nikapitiwa na usingizi. Niliamshwa na ngumi dirishani na sauti ya mama jirani.

"Elisante! We Elisante! Maharage yangu nayo yakusubiri uote?"

Nikatoka na mabuti ya mvua ya shangazi, yananibana vidole, shati limegeuka ndani nje. Watu walikuwa wamesimama na majembe. Nikaingia kwenye tope, nikavuta kizibo, maji yakaanza kwenda. Nikabaki pale nikisubiri hukumu. Kwangu msimu wote ulikuwa umeshaharibika. Doa lilikuwa limeingia. Nikamwuliza yule mama, nikiwa sitanii, "Sasa tufanyeje? Tuanze upya kesho?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa na mbuzi. "Tuanze nini? Maji si hayo yanakwenda?" Akaweka jembe begani akayafuata.

Sitasema kwamba mbingu zilifunguka. Nilichosikia ni hasira. Mwaka mzima nilikuwa nimejinyima sukari, usingizi na kazi kwa ajili ya kitu ambacho mama huyu hakuwa na muda wa kukijadili. Alfajiri iliyofuata nilifika kwa wakati. Wiki iliyofuata nilichelewa tena kidogo, nikatukanwa tena kidogo, maji yakaenda. Kioo cha dirisha la jikoni kilipovunjika, shangazi alibandua manila yangu akaizibia hapo, rangi zikitazama nje. "Sasa ina kazi," alisema. Sikuchora nyingine.

Baada ya mavuno shangazi alinituma Makanya kwenye gari la mizigo, nikiwa nimekaa juu ya magunia ya maharage machache aliyoyapata na tangawizi. Dereva alikuwa mwenye maneno. Tukipakia alisema yule kijana wa mizani ya jasi, asiyejua kufunga vifungo, amehamia Hedaru kufungua duka, na Mama Neema sasa anapima malori mwenyewe na anamtukana kila mtu. Nikajitazama: suruali yenye tope kavu, ndevu za wiki, viganja vimepasuka. Nikaanza kuhesabu kama zamani. Leo Alhamisi. Nikirudi nyumbani, nikafua, nikanyoa, nikapiga pasi, Jumatatu nitakuwa... Gari lilikuwa limesimama mbele ya geti la yadi kupisha lori.

"Mbona umesimama huko juu?" dereva aliuliza. "Unashuka au hushuki?"

Nikashuka. Nilimwomba anisubiri na mzigo sokoni, nikatembea mpaka kwenye kibanda.

Mama Neema aliinua macho. "Wewe si Jumatatu?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Leo Alhamisi. Umepotea?"

"Nimekuja kazini."

"Hivyo ulivyo?"

Nilikuwa na maelezo marefu, kuhusu mlima, kuhusu gari. "Hivi nilivyo," nikasema.

Alinitazama miguuni, akatazama foleni. "Ingia. Lile la mbele linanipigia honi tangu asubuhi, kama mimi ni mke wake."

Semina ilipokwisha mwezi uliopita, Godi alinikumbatia mbele ya watu. Alinukia manukato mazito. "Mwanajeshi wangu! Bado unaamka?"

"Naamka."

"Saa ngapi?"

"Inategemea."

Akatikisa kichwa kwa huruma, akanigonga bega, akaniomba nipande jukwaani siku ya pili nitoe ushuhuda wa yale tuliyoyajenga chumbani mle. Nikamwambia nina zamu. Hakuniamini; alidhani namkimbia. Yule dada wa kalamu alikuwa nyuma yetu akisubiri kupiga naye picha, daftari lake amelikumbatia kama mtoto. Nilitamani kumwambia aende kesho popote anapotaka kwenda, hivyo hivyo alivyo. Lakini nilijua uso ule. Nami niliwahi kuwa nao, na asingenisikia.

Bado mizani pale wananiita Jumatatu, hata madereva wageni, na nimeacha kuwaeleza. Bado nanyoosha karatasi mezani mpaka kingo zilingane, na shati lililokosewa vifungo bado linaniumiza macho. Kilichobadilika ni kimoja: siku ikiharibika asubuhi, naiendea hivyo hivyo ilivyoharibika. Leo nimechelewa kuamka. Sikutandika kitanda. Saa mbili kasoro nilikuwa kwenye mizani, na lori la kwanza lilikuwa limeshapanda.